Bushi ya Lavonne

Harlan Kreider alinyoa watu hapa Pennsylvania mpaka mgongo ukamgomea, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja tu: binadamu hasemi kweli. Imani hiyo akaja nayo kwenye klabu yetu ya shabaha, ambako kila mtu hujaza risasi zake kwa mkono.

Kiangazi kile aliyekuwa akitugaragaza ni Lavonne Shirk, mjane mfuga mbuzi. Matundu yake yote kwenye karatasi ungeyafunika kwa kifungo cha shati. Harlan akamfuata mezani kwake.

"Lavonne, siri yako nini?"

"Siri gani, babu wewe? Chagua bushi inayofaa." Akamwonyesha kipete cha chuma, kile kinachobana shingo ya ganda lililokwisha kupigwa ili lishike tena kichwa cha risasi. "Pima shingo ya risasi uliyoijaza, kisha chukua bushi ndogo kidogo kuliko hapo. Basi."

"Yako namba ngapi?"

"Ya nini? Maganda yako si yangu."

Harlan akatuvuta pembeni. "Mmesikia? Anaficha huyo!"

Lavonne alipokwenda kuchukua kahawa, Harlan aliinama mezani pale kama anayefunga kamba za viatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba, akaisoma namba iliyochongwa kwenye bushi. Wiki hiyohiyo akaagiza bushi kama ile.

Siku ya mashindano alifika na kofia mpya. Tatizo ni kwamba maganda ya Lavonne yalikuwa manene shingoni, ya Harlan membamba, kwa hiyo bushi ile haikuyabana hata chembe. Akaingiza risasi ya kwanza kwenye bunduki. Mara msimamizi akapiga kelele: "Acheni! Toeni risasi! Kulungu uwanjani!"

Harlan akavuta komeo la bunduki. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilibaki kimenasa mtutuni, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki na mapajani mwake.

"Harlan," Lavonne akamwita, "unapiga shabaha au unapanda mtama?"

"Umenidanganya namba!"

"Namba? Nilikutajia lini?"

Harlan akawa mwekundu mpaka masikioni. Tulicheka hata kulungu akakimbia.

Walikisukuma nje kile kichwa kwa ufito. Kisha Lavonne akaja na kipimo chake na sahani ya pai ya tufaha, wakakaa wakapima maganda ya Harlan. Akamchagulia bushi nyingine kwenye kisanduku chake.

"Hii itakufaa. Pima mwenyewe, maana najua huniamini."

Harlan alipima, akapima tena, akamwita msimamizi naye apime. Alasiri akapiga vizuri kuliko wakati wowote, yaani akawa wa pili kutoka mwisho, akazunguka na karatasi yake akituonyesha mmoja mmoja.

Wa mwisho nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza bushi yangu namba ngapi.