Mlinzi Aliyefungwa Uzi Mwekundu

Kutulia sijawahi kujua, lakini muhula ule wa miaka ya tisini nilizidi. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasoma biolojia katika chuo kimoja upande wa Thika, na kila jioni niliteremka hadi Ruiru, kwenye nyumba ya kupanga ya mama huko Mwihoko. Nilizunguka chumbani nikigusa hiki na kile hadi aseme namtia kizunguzungu. Alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alitaka aanze tiba ya mionzi Nairobi bila kuchelewa, na mama hakutaka kwenda.

Sababu hakutoa. Alisema atafikiria, akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi nilitaka kupasuka.

Nilidhani naijua sababu. Mama alikuwa katika chama cha akina mama wa kanisa, nao walikuwa na desturi yao: mmoja akienda kulazwa, wenzake huja nyumbani kumwombea, na ugonjwa hutajwa waziwazi. Hawaombei kitu wasichokijua. Na muuguzi wa zahanati, bila hata kufunga mlango, alikuwa amemwambia mama kwamba ugonjwa huo huletwa na virusi vya kitandani. Nikajiambia, mjane wa watu anaogopa kusemwa.

Wakati huohuo mhadhiri mmoja aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo akatufundisha habari za virusi hivyohivyo. Alituambia kwamba ndani ya seli kuna protini inayolinda: seli ikiharibika, huizuia isigawanyike. Virusi havina nguvu za kuivunja vyenyewe. Hukishika kimeng'enya cha seli yenyewe, kile ambacho kazi yake ni kubandika alama kwenye protini zinazopaswa kutupwa, na kukielekeza kwa mlinzi. Protini ikishapata alama, seli huisaga bila kuuliza. Mlinzi anamalizwa na watu wa nyumbani kwake. Wenzangu walikuwa wakinakili ubaoni. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, nawaza basi la kwenda Ruiru.

Nilijua pa kuanzia. Mama alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo pale Thika hadi alipostaafu. Kitambaa kikiwa na kasoro, alikifunga uzi mwekundu pindoni, na vijana wa kubeba wakakitupa kwenye rundo la rijekti bila hata kukikunjua.

“Fikiria mtu ameingia kiwandani,” nilimwambia, nikitembea kutoka mlangoni hadi kwenye jiko. “Hana uzi, hana makasi. Anakushika mkono tu, anakufungisha uzi mwekundu kwa kitambaa kizuri kuliko vyote.”

“Na wale vijana?”

“Wanatupa. Wao wanaangalia uzi tu.”

“Kwani supavaisa ako wapi?”

“Si huyo ndiye amefungwa uzi!”

“Ngai!” Akacheka hadi akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya daktari. “Sasa huyo mtu anaweza kukaa humo ndani muda gani?”

“Anaweza kunyamaza miaka mingi sana, mum, hata mtu asijue,” nikajibu, nikiona nimeshinda.

Kicheko kikakatika.

“Maitu, keti,” akasema. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo ndivyo alivyoniita, mama yangu. Nikaketi.

“Mimi nimejua mwanaume mmoja. Hao akina mama wanajua hivyo. Nikitaja huu ugonjwa hawataniuliza kitu. Watanyamaza, halafu mawazo yao yatafika kwa baba yako.”

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na miaka kadhaa baada ya kumzika bado walimtaja kwenye maombi. Ndugu yangu mkubwa alikuwa akijitahidi kuishi kama yeye, hata kukohoa alikohoa kama yeye. Kumbe mama hakuwa akijiogopea hata kidogo. Alikuwa tayari kufa ili marehemu abaki msafi. Nilimkasirikia baba vibaya, na hakuwepo nimfokee.

“Labda alikuwa na hivyo virusi kabla hajakuoa,” nikasema. Inawezekana kabisa.

“Labda,” mama akajibu, kama anayebembeleza mtoto.

“Baba ameenda, mum. Wewe uko hapa. Mimi ni wewe nataka.” Nikalia, na sikuwa nimepanga kulia.

Akaniambia nimteremshie mkoba kutoka juu ya kabati. Akaanza kukunja leso zake.

“Nitaenda. Na hao akina mama wakuje, nitautaja mimi mwenyewe. Lakini kaka yako akikuuliza huu ugonjwa umetoka wapi, sema ni mimi.”

“Niseme aje?”

“Sema kulikuwa na mwingine, kabla ya baba yako.”

“Lakini hakukuwa.”

“Wewe sema.”

Asubuhi ya safari kaka alikuja na pikapu kutupeleka. Mama alikuwa ameshapanda mbele, mkoba magotini. Kaka akanivuta nyuma ya gari, akaniuliza kwa sauti ya chini ugonjwa kama huo mama yetu aliutoa wapi. Kupitia kioo nilikiona kisogo cha mama, hakugeuka. Nikasema nilivyotumwa.

Kaka alinitazama, akaenda akawasha gari, na njia nzima hadi Nairobi hakumsemesha mama.