Nusu ya Tangazo la Mwalimu Bilha

Kabla ya kuja Maryland kuogesha wazee wa watu, Bilha alifundisha baiolojia Kapsabet kwa miaka kumi na miwili. Kazi ilibadilika, mdomo haukubadilika. Ukimwambia jua limechomoza, atakueleza kwamba ni dunia iliyozunguka, na atakueleza mpaka chai yako ipoe. Mimi, Nyaguthii, nilikaa naye nyumba moja miaka minne, kwa hiyo nasema ninachokijua. Alikuwa msumbufu, na alikuwa mkweli kuliko mtu yeyote niliyewahi kula naye meza moja.

Darasa lake la pili alilipata kanisani kwetu, nje kidogo ya Upper Marlboro. Sisi pale ni wauguzi, watunza wazee, wasafishaji wa maofisi na madereva, wengi wetu watu wa bara huko Kenya. Kila siku tulikuwa tunaforwadiana barua pepe: maji ya moto na ndimu yanayeyusha saratani, simu ya mkononi inakausha mbegu za mwanamume, tuma kwa watu kumi na wawili upate baraka. Bilha akazikusanya barua hizo kama mtu anayeokota misumari njiani. Akamwomba mchungaji dakika tano za sayansi wakati wa matangazo, akapewa. Aliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na Mzee Gitau akausoma, kwa sababu kwetu matangazo husomwa na mzee wa kanisa na si mtu mwingine, hata kama aliyeandika amekaa pale pale.

Bilha alikuwa na mtindo wake aliotoka nao darasani. Kwanza alikupa uongo, tena akaupamba vizuri, ukatikisa kichwa ukikubali. Halafu akakugeuzia meza. Aliuita kutega. Wanafunzi hawasahau jibu walilokosea mbele ya wenzao, ndivyo alivyosema.

Mmoja tu alimwonya, Nailah, Mmarekani mweusi anayefanya kazi ya maktaba kule Shaw, aliyejifunza Kiswahili chuoni na aliyekuja kwetu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ili asikisahau. Alikisema kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai.

"Dada Bilha, naomba uanze na ukweli," alimwambia. "Watu hukumbuka wanachokisikia kwanza."

"Nailah, mimi nimefundisha watoto elfu mbili."

"Lakini watoto hawawezi kuondoka darasani katikati ya somo."

Bilha akacheka. Mimi pia nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Mwaka 2009, mwezi wa kumi, chanjo ya homa ya nguruwe ilikuwa imeanza kufika huku, kidogo kidogo, na wajawazito wakawekwa mbele ya foleni kwa sababu ugonjwa ule uliwaonea sana. Chanjo haijatufikia sisi, barua pepe ikafika kabla yake katika kila simu na kompyuta: sindano hiyo inatoa mimba. Nilikasirika mno siku zile. Niliwauliza watu wamejuaje, wakanijibu lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo imewapa wavivu wengi mahali pa kulala.

Aliyenitia wasiwasi ni Jelagat. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya kungoja miaka sita na mumewe Elkanah. Walikaa Springfield, upande wa pili wa mto, naye Jelagat akimtunza mzee mmoja aliyepooza. Jelagat hakumwamini daktari wala redio. Alimwamini Bilha, aliyemfundisha kidato cha pili, na mpaka leo hajawahi kumwita kwa jina. Nasema mpaka leo, ulimi una mazoea.

Bilha aliandika ukurasa wa chanjo kwa usiku mbili, na aliuandika kwa ajili ya Jelagat hasa. Ulianza hivi: "Chanjo hii imetengenezwa kwa haraka. Mjamzito akidungwa, mimba hutoka. Wauguzi wenyewe wanaikataa. Wapendwa, jihadharini." Ukaendelea hivyo hadi katikati. Kisha: "Hayo ndiyo mliyotumiwa. Sasa hebu tuyapime moja moja." Nusu ya pili ilikuwa safi, ina hesabu, ina sababu, na mwisho ina anwani ya kliniki na saa za kufungua.

Jelagat alikuwa kazini Jumapili ile. Sisi hatuwaachi walio kazini. Walipiga simu wote kwenye laini moja ya pamoja, nami kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha mbele na kuinua simu kuelekea kwa Gitau mpaka matangazo yaishe. Kosa langu nalitaja sasa nisije nikaliruka. Gitau husoma polepole kama anayelipwa kwa saa. Mkono uliniuma, chapati zilikuwa jikoni hazijafunikwa, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeusoma nyumbani. Alipofika "jihadharini," akanyamaza kutafuta miwani. Nikabonyeza simu kuikata, nikaenda kufunika chapati.

Jumatano Bilha alimpigia Jelagat, nikiwa nimekaa karibu nakunja nguo.

"Umesikia tangazo langu?"

"Nimesikia, mwalimu. Tutafanya vile umesema."

"Elkanah naye?"

"Alikuwa ametake day off anipeleke mahali, lakini nimemwambia tufuate neno lako."

"Vizuri. Usichelewe."

"Asante sana, mwalimu."

Ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akisema, unajibu asante, humwulizi alimaanisha nini. Na mkubwa akijibiwa asante, anaridhika. Bilha alikata simu akaimba jioni nzima.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja Jelagat alianza kukohoa. Siku ya nne alipelekwa hospitali. Siku ya sita mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana, mdogo kama mkate, akawekwa kwenye mashine. Siku ya tisa Jelagat alikufa. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Bilha alipata habari akiwa kazini, akamaliza kumlisha bibi aliyekuwa akimlisha, akaosha sahani, ndipo akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni ya watu.

"Si niliandika?" aliniuliza aliporudi. "Nyaguthii, si niliandika mpaka na saa za kliniki?"

Nikasema ndiyo, uliandika.

Jumamosi mchana tulikusanyika kwa Elkanah, kama desturi, kuomba na kupanga safari ya mwili kwenda nyumbani. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Elkanah alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru mchungaji, akawashukuru waliopika, akawashukuru waliokaa hospitali. Kisha akasema:

"Na Mwalimu Bilha asimame mumwone. Daktari alitusukuma sana na hiyo sindano. Mke wangu akakataa, akaniambia, mwalimu ametuonya. Mungu amemchukua kwa njia yake, lakini mtoto yuko, hatukumtoa sisi kwa mikono yetu. Mwalimu, asante."

Watu wakaguna amina. Kwenye kochi alikaa Chepngetich, mdogo wake Jelagat, mimba ya miezi mitano, mkono juu ya tumbo, akitikisa kichwa kukubali kila neno.

Nilimtazama Bilha nikaona anavyoelewa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya hivyo na sitaki kuuona tena. Angeweza kukaa. Hakuna aliyekumbuka nusu ya pili, na shukrani za mfiwa hazikataliwi. Lakini alikuwa anamtazama Chepngetich.

"Elkanah," akasema, "sindano ile haitoi mimba. Ni salama. Niliandika Jelagat adungwe. Nilianza na uongo wa watu ili niupinge, na yeye akasikia ule uongo tu. Chepngetich, nenda Jumatatu. Nakuomba."

Hata watoto waliacha kukimbia kwenye korido.

"Kwa hivyo angedungwa, angekuwa hapa?" Elkanah aliuliza. Hakupaza sauti.

Mtu mwingine angedanganya kwa huruma. Bilha hakujua kudanganya hata palipohitajika.

"Sijui. Wako wanaodungwa na bado wanaugua. Lakini nafasi yake ya kupona ingekuwa kubwa. Kubwa sana."

"Mbona hakusikia mwisho? Alisema alisikia tangazo."

Bilha alikuwa amekaa nyuma yangu Jumapili ile. Aliniona nikibonyeza simu, aliniona nikiinuka. Alinitazama mara moja tu, kisha akamgeukia Elkanah.

"Niliandika vibaya," akasema.

Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi. Nikachukua birika. Elkanah akamwomba atoke nyumbani kwake, kwa heshima, akimwita mwalimu mpaka mlangoni. Nikabaki ndani nikigawa chai.

Dakika tano za sayansi zilifutwa. Hakuna aliyetangaza, zilikosekana tu kwenye ratiba, na nafasi ikapewa kwaya. Bilha aliendelea kuja, akikaa safu ya mwisho, na waliokuwa wakimsalimia kwa mikono miwili wakawa wanampungia kwa mbali. Nailah peke yake alikwenda kukaa naye. Hakumwambia, "Nilikuambia." Alimshika mkono tu.

Jumanne baada ya maombi yale kwa Elkanah, Chepngetich alinipigia.

"Nataka kwenda kudungwa, lakini unipeleke wewe. Asijue yule."

"Lakini yeye ndiye amekuambia uende."

"Ndio maana naenda. Lakini sitaki roho yake ipoe. Promise."

Niliahidi. Tulisimama foleni kwa saa tatu nje ya kliniki ya kaunti, baridi inatukata masikio, wajawazito wote wamejifunika mashuka ya nyumbani. Alidungwa, akakaa robo saa kama walivyotwambia, hakuna kilichomtokea. Mwezi wa tatu alizaa mvulana.

Lakini hiyo ni mbele. Wiki zile za katikati, Bilha alimfuata Chepngetich kwa macho kila Jumapili, kutoka mlangoni hadi kitini, na Chepngetich akikohoa kidogo tu Bilha alishika ukingo wa benchi. Nyumbani aliacha kunieleza mambo. Jua lilichomoza likatua hakusema neno. Nilitamani anisumbue.

Asubuhi moja tulikuwa jikoni, anavaa koti aende kazini. Alikuwa hajaniuliza habari ya simu ile ya kanisani hata siku moja, na hakuniuliza siku hiyo.

"Nyaguthii," akasema akiwa amenipa mgongo, "unajua kama Chepngetich alienda kudungwa?"

Nikamwambia sijui.