Matembele ya Benki

Mimi maua siyapendi, na mtu aliyeyashika miaka mitatu kwa mshahara ana haki ya kusema. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa nilikuwa nikipiga magoti mbele ya majengo ya watu hapa Louisville, nikipanda vitu visivyoliwa. Mbolea ilinuka, magome yaliyosagwa tuliyoyamwaga juu yake yalinuka, na mikono yangu ikanuka hadi kanisani. Lakini hakuna kilichonitia kinyaa kama ile miti ya barabarani inayotoa maua meupe baridi ikiisha. Ukiiona kwa mbali utasema harusi. Ukiikaribia, ptuu! Samaki aliyeoza.

Mwaka wetu wa pili, 2015, harufu hiyo iliingia dirishani, na mama yangu akatoka chumbani.

Inabidi nieleze. Mama alikuwa hataki chakula. Tangu tutoke kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi nikiwa bado mgongoni, alikuwa akiisha kama sabuni. Kuku wa hapa, alisema, ana ladha ya maji. Dagaa wa duka la Waafrika ni vumbi lenye macho. Kitu kimoja tu alikitaja kila siku: matembele, yale majani ya viazi vitamu, na ya dukani yalikuja yameganda barafu, yakiyeyuka yanakuwa uji. Daktari alimpima, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemnyima. Nguo zake nilizipunguza mara mbili. Niliogopa, kusema kweli, kwamba nimemvusha bahari aje afe njaa mbele ya friji iliyojaa.

Basi siku ile alitoka amejitanda kitenge, macho yamechangamka. "Nani anakaanga dagaa?"

Nikamwambia ni maua. Hakuamini. Alishuka ngazi mwenyewe, akasimama chini ya mti, akanusa.

"Maua yananuka dagaa, na dagaa wananuka karatasi," akasema. "Nchi gani hii?"

Akapanda ngazi, akarudi kulala. Niliuchukia mti ule, jamani, mpaka leo nauchukia.

Mwezi wa sita bosi alitupeleka kupanda maua vyunguni mbele ya benki moja. Nikafungua boksi. Matembele! Mabichi kabisa, mengine ya kijani, mengine ya zambarau. Nikamwambia bosi haya yanaliwa. Akacheka, akasema ni ya kupendezesha, akanikabidhi kopo la dawa ya wadudu niitie kwenye udongo. Penye miti hapana wajenzi. Nikaitia. Na kila asubuhi tuliporudi kumwagilia, nilikuta mbwa wa watu wameshainua mguu pale. Kinyaa mpaka kooni. Nyumbani nikamficha mama.

Jumapili moja tukienda kanisani, gari la jirani aliyetubeba lilisimama kwenye taa nyekundu mbele ya benki ileile. Mama akaviona vyungu.

"Hayo si matembele?"

Nami, mjinga, nikajibu, "Niliyapanda mimi."

Mungu wangu! "Umeyapanda kwa mikono yako! Mimi nakonda, wewe unawapandia watu wasioyala!" Nikamweleza dawa, nikamweleza mbwa. "Nilikula mahindi ya mgao yenye fukusi nikakunyonyesha," akasema, "leo unaniletea habari za mkojo wa mbwa?" Siku tatu alikunywa chai tu.

Siku ya nne, tulipopunguza pale benki marando, yaani mashina ya matembele yaliyotambaa hadi chini, niliokota vipande sita kabla havijaenda jalalani. Nyumbani nikavinyonyoa majani yote, nikavichomeka kwenye ndoo ya udongo safi pale kibarazani. Nikamwambia mama tutakula majani mapya tu. Alivilinda mwenyewe, hakutaka mtu akohoe karibu. Tulisubiri mpaka mwezi wa nane.

Nikachuma. Nikapika kwa vitunguu, karanga na mawese, nikampelekea kitandani pamoja na ugali. Nilionja kwanza mimi. Yesu wangu, machungu! Nikatema kwenye kiganja. Nilitaka kulia, maana ni maua kweli, wameyakuza kwa ajili ya macho tu. Mama akatia tonge mdomoni, akatafuna. Uso ukakunjamana.

"Maji ya kwanza uliyamwaga?"

"Maji gani?"

Akaweka sahani chini, akanitazama kwa karaha ambayo sijawahi kuiona hata kwa bosi.

"Mwanamke mzima hajui kuchemsha jani!"

Kambini majani alikuwa akipika yeye, mimi nikipanga foleni ya mgao, na hapa jiko langu hakuwahi kuliwasha hata siku moja. Sasa akatupa shuka pembeni. Akaenda kibarazani akachuma yaliyobaki, akaingia jikoni, akanisukuma kwa kiwiko. Akachemsha, akamwaga maji, akapika upya, akinisema kila hatua: vitunguu nimekata magogo, karanga zangu zina mchanga, hata sufuria inanuka, nani alinilea mimi?

Kisha akala palepale, amesimama, akiendelea kunitukana mpaka sahani ikawa nyeupe.