Watiri Hakuingizwa Kanisani

Wakiuru wa Gakindu si mtu wa kukasirika ovyo. Alikuwa msomaji wa kanisa, watu wakimwita mwalimu, yaani ndiye aliyevaa kanzu na kuongoza ibada kasisi asipokuwepo, na kasisi haonekani Gakindu ila mara moja kwa mwezi. Mgonjwa akizidiwa, anaitwa Wakiuru. Majirani wakigombania mpaka wa shamba la kahawa, anaitwa Wakiuru. Kasisi huja akabariki mkate na divai, akanywa chai, akaenda zake.

Chai hiyo ilipikwa na Watiri. Watiri ndiye aliyefagia kanisa, akafua vitambaa vya madhabahu na kuvipiga pasi ya makaa, tangu nywele zake zingali nyeusi. Lakini meza ya Bwana hakuwahi kuikaribia, kwa sababu alikuwa mke wa pili wa Ngatia. Ngatia mwenyewe aliokoka uzeeni, akarudi kwa mke wa kwanza, wa ndoa ya kanisani, akapokewa kanisani kwa vigelegele, na alipofariki akazikwa kwa kwaya. Haya, niambie wewe: aliyeoa wawili akaenda kaburini ametakata, na aliyeolewa mara moja tu akaachiwa dhambi ya wote!

Mwezi uliopita Watiri akafa. Wakiuru alimpigia simu Kasisi Lennox, kijana aliyetoka chuoni juzi, kumwarifu kuwa jeneza litapitishwa kanisani kabla ya mazishi.

"Hapana, mama," kasisi akasema. "Mwili isiletwe kanisani. Huyo hakuwa mshiriki kamili. Nyumbani mnaweza omba kidogo, lakini bila kanzu na bila kwaya."

"Ati nini?"

"Mimi siko na ubaya na yeye. Ni vile kanisa iko na sheria."

"Na hiyo sheria ilikuwa wapi ukikula chapati yake?"

Kasisi akakata simu.

Wakiuru alibaki amesimama uani, hasira imempanda. Angeweza kutii, maana kutii alikuzoea, na kanzu ni ya kupewa. Aliyekupa hachelewi kukunyang'anya. Lakini moyo ulikataa katakata. Kitambaa kiwe safi, na mkono uliokifua uwe najisi? Huo ni upuuzi, na upuuzi hauwi utakatifu kwa kuvishwa kola nyeupe.

Siku ya mazishi kanisa lilikuwa limefungwa, ufunguo kaja kuuchukua kasisi jana yake. Wakiuru akavaa kanzu yake nyumbani, akapita nayo katikati ya soko watu wakimkodolea macho, akasimama kando ya kaburi, kwenye migomba ya Watiri. Wanakwaya nao wakafika mmoja mmoja, wanajifanya wamekuja kama majirani tu, lakini wimbo ulipoanza sauti ziliwaumbua. Wakiuru aliomba kama mtu anayegomba.

"Bwana, huyu ni Watiri. Nyumba yako alikuwa anaijua kuliko hao wenye ufunguo. Mpokee, na usimuulize cheti cha ndoa."

Jumapili iliyofuata kasisi alikuja ingawa haikuwa zamu ya Gakindu. Akatangaza kwamba Wakiuru amevuliwa usomaji, ametengwa na meza ya Bwana, na tangu leo atakaa viti vya nyuma pamoja na wote walio chini ya nidhamu ya kanisa. Wakiuru hakulia. Alivua kanzu pale pale mbele ya watu, akaitupa juu ya kiti cha kasisi, akashuka.

Miaka yote alikuwa amelitazama kanisa akiwa mbele, macho kwenye kitabu. Sasa alifika nyuma akakosa pa kukaa. Wake wa pili, wasichana waliozalia nyumbani, wazee waliooana kienyeji na kulea wajukuu, wote wamebanana hadi mlangoni, na huko mbele viti vina nafasi tele. Hasira yake, ambayo ilikuwa ya Watiri peke yake, ikatanda ikawa ya watu wote hao.

Mzee Theuri akajisukuma kando, akapangusa benchi kwa kofia yake.

"Kaa hapa, mwalimu," akamnong'oneza. "Huku tunakuanga wengi."