Amplifaya Inayotekenya

Fulgensi anauza amplifaya na spika zilizokwisha kuimba katika nyumba za watu wengine, nchi za watu wengine. Duka lake liko nyuma ya stendi ya Ifakara, chumba kimoja kinachonuka vumbi lililoungua. Mzigo huununua Dar es Salaam bila kuufungua, kisha unapanda basi, unatikiswa njia nzima kupitia Kidatu, na ukifika nusu yake nyaya zimelegea na mende wamezaliana ndani. Anafungua, anafuta, analehemu. Vipuri havipo, kwa hiyo mashine moja huuawa ili nyingine ipone.

Wateja nao wana yao. Hakuna anayeuliza mashine imetoka wapi wala imetengenezwa mara ngapi. Wanataka iwashwe na ifunguliwe sauti mpaka bati la jirani litetemeke. Ikitetemesha bati, ni nzima.

Kuna ubovu mmoja ambao wauzaji wote pale mtaani wameuzoea hadi wameupa jina la mzaha. Mashine ambayo umeme unavujia kwenye bodi lake la chuma, ukiigusa inakuchoma vidole, wanasema inatekenya. "Inatekenya kidogo, wewe vaa ndala," muuzaji atakwambia, na mnunuzi atacheka, atavaa ndala, na miaka itapita. Fulgensi mwenyewe husimama juu ya kipande cha ubao akifanya kazi. Ni mtu mwangalifu, kwa ajili yake mwenyewe.

Mwezi wa pili dada yake Bernadeta alivuka mto kutoka upande wa Lupiro, akaja dukani na katekista wao, mzee Raimundi. Kigango chao, kanisa dogo la kijijini, kilikuwa kimevuna mpunga vizuri msimu uliopita, wakataka chombo cha kusomea na kuimbia.

"Shikamoo kaka," alisema Bernadeta. "Tupe kizuri, usitupe takataka zako."

Akawapa kizuri. Amplifaya nzito, ya rangi ya fedha, sauti yake safi kama maji ya mlimani. Ilikuwa inatekenya. Fulgensi aliijua tangu siku ya kwanza, akafungua, akatafuta, asione pa kuziba, akafunga. Siku ile, mbele ya mzee, ulimi ulimwia mzito. Alisema tu, "Msiiguse ovyo," akaifunga kwenye boksi. Nani anaingia kanisani bila viatu, alijiambia. Wazo hilo lilimridhisha, na hapo ndipo ninapomchukia kidogo.

Basi ikaja Ijumaa Kuu, na mvua tangu alfajiri. Maji yakaingia dukani. Saa nane mchana Fulgensi alivua ndala, akakunja suruali, akaanza kuyasukuma nje kwa ufagio. Akaegemea redio ya zamani, ile aliyoizoea, inayotekenya kila siku kama mtoto mtundu. Ilimtupa ukutani.

Rabia, fundi cherehani wa chumba cha pili, alichungulia akicheka. "Wewe Fulgensi, si uvae ndala zako? Leo ndio umeamua kutembea peku?"

Fulgensi alikaa kwenye maji akimtazama, asimwone. Peku. Siku moja tu kwa mwaka, kule kigangoni kwao, watu huacha viatu mlangoni. Mama yao aliwafundisha hivyo yeye na Bernadeta: Ijumaa Kuu msalaba huendewa kwa nyayo tupu. Na lile bati la kanisa linavuja toka wao wadogo.

Alipiga simu ya Bernadeta. Imezimwa. Ya Raimundi, imezimwa. Nani anaacha simu wazi ibadani siku kama ile? Akavaa viatu, akadandia bodaboda ya kwanza.

Walivuka daraja mto ukiwa umejaa, majaruba ya mpunga pande zote yakiwa meupe kwa maji. Dereva alitaka kwenda taratibu kwa utelezi, Fulgensi akamsihi mpaka yule akaona haya, akakaza mwendo. Wakiwa bado mbali akaisikia amplifaya yake. Ilikuwa inasoma Mateso ya Bwana, sauti ya Bernadeta, kila neno limesimama peke yake juu ya mpunga. Alifurahi. Naam, alifurahi hata kwa uzuri wa sauti ile. Maadamu anasoma, yu hai.

Kisha sauti ikakatika.

Hakukuwa na neno tena, ila mvua na injini. Fulgensi aliruka kabla pikipiki haijasimama. Akiwa mbio akakumbuka kwamba hapo panapotajwa kufa kwa Bwana wote hupiga magoti kimya, na kimya hicho ni kirefu. Akaomba kiwe ndicho.

Kilikuwa ndicho. Toka mlangoni aliona migongo ya watu, nyayo zao zenye matope, sakafu inayong'aa maji. Katika kimya hicho spika zilikuwa zinavuma, mvumo mzito unaozidi kukua. Bernadeta aliinuka pale mbele, akaenda kwenye mashine ili aupunguze, mkono ameunyoosha.

"Bernadeta, usiguse!"

Alipita katikati ya watu waliopiga magoti, akamsukuma dada yake akaangukia benchi, akashika waya auchomoe. Kiwiko kikagusa bodi. Hapo tu ndipo alipohisi baridi ya saruji chini ya nyayo zake. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimepangwa pamoja na vya wenzake. Alivivua kwa mazoea, bila kujua.

Raimundi ndiye aliyeipiga plagi kwa mpini wa ufagio mpaka ikang'oka.

Fulgensi alizinduka amelazwa kwenye benchi, mkono wa kulia umejikunja na hautaki kukunjuka. Watu walikuwa wanalia na kumshukuru Mungu. Mama mmoja alikuwa akisema kaka huyu katumwa. Bernadeta alikuwa ameushika ule mkono uliojikunja kwa mikono yake miwili, machozi yakimdondoka.

"Kaka, umeniokoa. Ulijuaje?"

Angeweza kusema ameota. Wangemwamini wote, na wangemsimulia hivyo miaka na miaka.

"Nilijua tangu dukani," alisema. "Siku mliyokuja kuichukua."

Bernadeta aliendelea kumtazama, kana kwamba bado anasubiri jibu. Kisha akauachia mkono wake.