Fundi Aliyeijua Miguu ya Watu

Kwa miaka mingi, aliyelinda duka langu la vyombo pale Bugene alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Hakuajiriwa na mtu. Alishonea barazani, mkabala na mlango wangu, na nikienda kuswali nilimwambia tu, "Mama, niangalizie." Nikirudi ananieleza nani kapita, nani kauliza bei ya sufuria, nani anaumwa.

Magoti yalipomzidi akarudi kwao Bweranyange. Baraza ikabaki tupu. Vitu vikaanza kupotea mtaani, na sisi wenye maduka tukakubaliana kufunga kamera. Sitasema hazikusaidia. Wizi wa mbele ya maduka ulipungua, ingawa kule uchochoroni, ambako kamera haifiki, uliendelea.

Kisha baiskeli yangu ikaibwa mbele ya kamera yenyewe. Tuliirudia video mpaka macho yakauma: mwanamume mzima, kofia kaishusha usoni, anaikokota baiskeli bila haraka. Hakuna aliyemtambua.

Nikapanda bodaboda hadi Bweranyange, video ikiwa kwenye simu. Nilimkuta mama anamenya ndizi uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Tangu aondoke hakuna aliyeniuliza hivyo. Tulizungumza hadi nikakaribia kusahau kilichonileta. Nilipompa simu aliishika mbali na macho, akatazama mara mbili.

"Uso siuoni," alisema. "Lakini mguu wa kushoto ni mfupi. Kila suruali yake nilikuwa naipunguza upande mmoja."

"Ni nani?"

"Kwao ni kilima kile pale. Usiende polisi kwanza. Niache niongee naye."

Siku ya nne yule mtu aliileta baiskeli mwenyewe, akaomba radhi akitazama chini. Alikuwa mbeba mizigo wa mtaani kwetu. Nilikuwa nikisalimiana naye kila asubuhi.

Niliporudi kumshukuru mama, nilimsihi arejee Bugene. Alicheka.

"Nikafanye nini, na kamera mnayo?"

Nilitaka kumwambia kwamba mchana duka huwa kimya sana, na kwamba zipo siku nafunga bila kuongea na mtu ila kutaja bei. Badala yake tulikula ndizi zake, kisha akanisindikiza hadi barabarani, polepole sana. Bodaboda ilipofika, nilimwomba dereva azime injini kwanza, nizungumze na mama kidogo zaidi.