Sweta la Vita Lililofumuliwa

Kwetu Kitomanga mtoto wa tumboni hashonewi nguo. Ukimshonea, hasidi anajua kwamba anakuja. Mimi wa kwanza nilimshonea, akafa. Wa pili sikumshonea hata kitambaa, naye akafa kabla ya arobaini. Basi mimba ya tatu ilipoingia sikuwa na imani na hasidi wala na mwiko wake. Nilitwanga, nikapika, nikalala.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na sweta la sufu la kijeshi, zito, lisilovalika kwa joto letu. Mama mkwe alilifumua lote bila kumwuliza. Uzi ukaoshwa, ukatundikwa na jiwe chini yake ili mikunjo inyooke. Wifi yangu alijifunza kufuma kwa masista wa misheni, akatufundisha mimi na jirani yetu. Sindano zetu zilikuwa spoki za baiskeli zilizochongwa ncha. Tulifuma vipande vya mraba, vya ukubwa wa kiganja.

"Si ulisema mtoto wa tumboni hatengenezewi kitu?" nilimwuliza mama mkwe.

"Tunafuma vipande tu, mwanangu. Kipande hakina mwenyewe. Kikiungwa kikawa blanketi, hapo kina mwenyewe."

Kila mmoja akaweka vyake nyumbani kwake, ili hasidi akipita asielewe. Nilijiuliza ni hasidi gani huyo anayeshindwa na akili ya vipande, nikaendelea kufuma. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mtoto alizaliwa wakati wa kipupwe, wa kiume, akalia vizuri. Wifi na jirani wakaleta vipande vyao wamevifunga katika kanga, wakavitia kikapuni pamoja na vyangu. Kuunga ni kazi ya mama. Wakanitazama. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Sikuhisi kitu. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, niliitikia hongera za watu, na ndani yangu palikuwa pakavu. Kuunga vile vipande kulikuwa sawa na kusema huyu anabaki, na maneno hayo nilishayasema kwa wale wengine.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," jirani alinitetea.

Nikamwambia sishtuki. Ningekuwa nashtuka ingekuwa afadhali.

Kisha upepo wa kusi ukazidi, mtoto akaanza kukohoa. Kanga zangu zilikuwa zimechakaa, na mikono yake ilikuwa baridi hata nikiikumbatia. Mama mkwe alivuta kikapu mkekani, akachukua sindano ya kushonea, akawa anachomachoma hewa kwa uzi. Macho yake yalikuwa na ukungu.

"Nitungie, mwanangu."

Nikamtungia. Akaunga vipande viwili, na pindo la kanga yake likashonewa humo humo.

"Lete huku," nilisema kwa ukali. "Utajishona na wewe."

Nikafumua, nikaanza upya. Vipande havikulingana. Vyangu vilikuwa vimekazwa, vya wifi vimelegea, vya jirani vimekwenda upande. Nilivivuta kwa nguvu mpaka vikakubali. Sikusema bismillahi, mama mkwe akanisemea.

Alasiri nilimfunika, nikakaa kando yake nikingoja afe. Nasema kama ilivyokuwa. Nilishapanga nani nitamtuma akaite watu, na sanda itatoka duka gani. Nilitazama sufu ikipanda na kushuka juu ya kifua chake, nikawa nangoja isipande.

Magharibi ikaadhiniwa. Ilikuwa bado inapanda. Mama mkwe akaswali, akawasha kibatari, akarudi kuchambua mchele. Mtoto akatoka jasho puani, akalisukuma blanketi kwa mguu, akalia anataka maziwa.

Nilimwinua. Mikono yake ilikuwa imepata joto. Hapo ndipo nilipokasirika, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hasira ya kweli.

"Kwa hiyo unataka nikupende," nilimwambia.

Akashika ziwa, akanyonya.